Nakala Zako Zilifungiwa Bhajia

Baba,

Hali sikuulizi, maana hutanijibu, na mimi sina nguvu za kujifanya. Naandika na hasira. Nisamehe tangu hapa juu, kwa sababu huko chini sitakuwa mpole.

Nakala zako zimefungiwa bhajia.

Nakueleza ilivyokuwa. Siku uliyofariki, wanawake walianza kuingia kabla hata jeneza halijaletwa kutoka msikitini, na ukumbi ulikuwa haujatandikwa, maboksi yako manne ya nakala yako pale pale. Kaka Hafidhi akasimama mlangoni: "Maboksi haya ya nini? Yatoe, watu wataka kukaa." Mimi ndiye niliyeyatoa, Baba. Kwa mkono mmoja, mwanangu Aisha kiunoni. Nikayapanga barazani, nikajiambia nitayarudisha watu wakitawanyika. Siku ya tatu, baada ya kukusomea hitima, nguo zako zikatolewa sadaka. Nilikuwa jikoni naosha masinia. Kaka akamwita yule mama wa bhajia wa pale kona, akamwambia achukue na karatasi, zitamfaa. Hakuniuliza.

Nilijua wiki mbili baadaye. Aisha alililia bhajia, nikamnunulia, nikafungua. Mafuta yalikuwa yameshakunywa nusu ya ukurasa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wako: "Shall tena. Mzee hajachoka."

Nilikaa chini pale pale njiani. Watu wakanipita.

Hakuna aliyekuelewa ulikuwa ukikusanya nini, na mwanzo hata mimi nilikuona una wazimu kidogo. Miaka yote uliyopiga taipu kule bandarini Kilindini, kila tangazo la bosi kwa wafanyakazi uliweka nakala. Bosi wa kwanza aliandika "you shall report at seven", amri kavu. Wa pili, "you must". Aliyefuata, "you have to". Kisha ikaja kompyuta na kijana wa mwisho akaandika "you might want to", kana kwamba awauliza mkipenda. Ukacheka hadi ukakohoa: "Shall amestaafu kabla yangu!" Lakini saa ya kufika kazini ilikuwa ile ile, saa moja asubuhi, na aliyechelewa alirudishwa nyumbani vile vile.

Barua iliyokutoa kazini ndiyo iliyokuwa laini kuliko zote. Ilisema "you may wish to rest". Nani aliyewaambia kwamba wewe wataka kupumzika? Ulinionyesha, ukasema, "Mwanangu, neno la amri likichakaa wanalitupa, wanatafuta jipya lenye adabu. Amri yenyewe hawaitupi."

Na ile alasiri ya "will", waikumbuka? Uliniambia zamani sana kwa Waingereza "will" ilikuwa kutaka hasa, na "can" ilikuwa kujua, kisha maneno yale yakatumiwa hata yakachoka, sasa hayasimami mpaka yashikwe na mengine. Nikakubishia. Neno lachokaje, Baba? Ukaniambia niseme polepole "nitakapokuja". Nikasema. "Humo ndani husikii taka?" Nikaisikia! Hata sisi tulianza kwa kutaka. Nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, nimeolewa, nina mimba ya Aisha, na tangu niache shule hiyo ndiyo alasiri ya kwanza niliyojiona nina akili.

Ukasema tutaandika kitabu, mimi na wewe, wanafunzi wasome.

Tutaandika! Basi hapo ndipo hasira yangu ilipo, si kwa Kaka peke yake. Miezi yote ile ya kukohoa ulimwonyesha Kaka ilipo hati ya nyumba, ukamwonyesha mpaka funguo za tangi la maji. Ya maboksi hukumwambia hata neno. Uliniambia mimi, nawe wajua katika nyumba hii sauti yangu haifiki mlangoni.

Nilikwenda kwa mama wa bhajia. Maskini, hana kosa. "Mwanangu, ningejua ni za babako ningezilalia," akasema, naye akalia kunishinda. Boksi moja hakuligusa, la pili limebaki nusu, limerukiwa na mafuta; nimeyarudisha nyumbani. Mawili yamekwenda na wateja. Kuna watu huko mtaani Tudor wamefutia mikono miaka yako kumi.

Kaka nilipomkabili alinicheka: "Ah wee, barua za mabosi waliokufa! Utazila?" Juzi ndiyo amekuja kuomba radhi. Amesimama ukumbini hajui aweke wapi mikono. Nimempa chai. Radhi sijampa.

Aisha sasa asema. Kila kitu kwake ni "taka". Taka maji, taka nje, taka babu. Hiyo ya mwisho sina la kumpa, nageuka naangalia dirisha.

Lakini usidhani nimekaa tu. Nimejiandikisha masomo ya watu wazima, siku mbili kwa wiki, jirani amekubali kunishikia mtoto. Mwalimu aliuliza nani ajua tofauti ya "must" na "have to", nikainua mkono. Nilieleza mpaka akakaa juu ya meza kunisikiliza. Natamani ungaliniona, Baba.

Kitabu sitakuahidi, neno hilo "tutaandika" umeshaliharibu wewe. Nakuahidi ukurasa mmoja kila siku, Aisha akilala mchana, mpaka boksi na nusu liishe. Uliyonieleza nayakumbuka nitayaandika. Niliyosahau nitaandika kwamba nimesahau, sitakutungia uongo. Jina lako litakuwa juu, langu chini yake.

Basi lala salama, Baba yangu, Mola akupanulie huko uliko. Mkono wangu umechoka na kurasa zilizolowa mafuta hazisomeki vizuri. Kaka ana macho mazuri kunishinda. Nimemtumia ujumbe: radhi yangu aifuate huku, aje na kalamu, anisomee mistari iliyofifia. Ameusoma.

Mimi naendelea.

Mwanao,
Mwanamkuu