Mwanaanga Niliyempa Mgongo

Mtaa wa Najma, Alhamisi usiku

Na hata sura yake siijui! Yule mwanaanga mstaafu wa Kimarekani ameongea saa nzima hotelini kwetu, nami nikiwa nimesimama chini, mbele ya jukwaa. Lakini mlinzi hutazama watu, hatazami jukwaa. Nimesikia sauti tu mgongoni.

Alisimulia urubani wake, kukataliwa, kujaribu tena mpaka akachukuliwa. Kisha akasema babake alifariki yeye akiwa huko juu angani, mazishi akayatazama kwenye skrini. Mama mmoja wa mstari wa mbele akafuta machozi, na wa pembeni yake pia.

Mimi mama yangu nilimzika kwa simu mwaka jana kutoka huku ugenini, nimejifungia kwenye choo cha wafanyakazi. Kabla jeneza halijashushwa, supavaiza akagonga mlango: "Yalla, toka! Geti haina mtu."

Nikatoka. Mimi ndiye kifungua mimba, mchanga wa kwanza ulikuwa wangu. Sijui ulimwagwa na nani.

Na likizo wameisogeza tena. Nimechoka, Mungu wangu. Nimechoka mpaka...

Jioni binti yangu Neema alinipigia kutoka nyumbani. "Baba, ulimwona? Anakaa aje usoni?"

"Anakaa mtu wa kawaida tu," nikamdanganya.

"Na watu walifurahi?"

Nikamwambia walilia. Sikumwambia kwamba walilia wakitazama upande wangu, na hakuna aliyeniona.