Sanduku Ambalo Hatukulikomboa: Kwa Raymundi Kasanda, Fundi wa Reli na Mgawa Vitabu wa Isevya

Raymundi, mwaka umetimia tangu Jumanne ile ya Novemba, mvua za kwanza zilipokuwa zikipiga mabati ya Isevya, ulipoacha kukohoa na nyumba nzima ikanyamaza. Mungu alitoa, Mungu ametwaa. Tumesali rozari kila jioni tangu siku hiyo. Watoto wako wawili ni wazima, na mkeo Eustadia ndiye anayeandika haya kwa mkono wake, kwa herufi alizojifunzia darasa la jioni.

Tunakukumbuka ukirudi kutoka karakana ya reli, mikono myeusi kwa grisi. Ulikuwa unainawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa maji ya ndimu, na hukula kabla hujavikagua vitabu vyako. Tunakumbuka ulivyoimba sauti ya nne kanisani, ukawatangulia wenzako kwa neno zima, na hukuona aibu. Tunakumbuka ulivyozoea kumwachia mgeni kiti chako na kukaa juu ya sanduku.

Sanduku lenyewe ulilichonga kwa mbao za mninga, isipokuwa kitako, kilichokuwa cha mbao laini. Ndani mlikuwa na vitabu sitini na vitatu, ulivyoviagiza Dar es Salaam kimoja kimoja, vikaja kwa garimoshi. Taifa lilikuwa linajifunza kusoma. Watu wazima walikuwa wanatoka shambani na sokoni, wanakaa kwenye madawati ya watoto wao, wanaandika a, e, i, o, u. Wakishajua, wanapewa kijitabu cha samadi, kijitabu cha choo bora na kijitabu cha pamba. Wewe ulisema hivyo ni vyema, ila mtu aliyehangaika mwaka mzima kujua kusoma anastahili pia kucheka. Basi wewe ukawapa hadithi za ajabu. Chungu kinachopiga chafya kila mwongo apitapo mlangoni. Fisi aliyehudhuria mafundisho ya ubatizo kwa ajili ya mbuzi wa sherehe. Mwezi ulioshuka Tabora kutafuta chumvi, ukakosa njia ya kurudi, ukaajiriwa stesheni badala ya taa.

Hukumpa mtu kitabu hivi hivi. Ulimkalisha kwanza, ukamuuliza: "Umelalaje? Umekula nini? Nani amekuudhi?" Akishajibu, ulikuna kidevu, ukaingiza mkono sandukuni, ukatoa kimoja. Ndani yake ulichomeka kikaratasi. Aliyekimbiwa na mke ulimwandikia: "Usianze mwanzo, anzia pale jogoo anapogombea uchifu wa mawingu." Bibi mwenye miwani mibovu ulimwandikia: "Kitabu hiki kina herufi kubwa na hakina mtu mwema hata mmoja. Utakipenda." Watu wakakuita mganga, nawe ukafurahi.

Mkeo hakufurahi. Tuseme kweli, maana wasomaji wa tangazo hili wengi wanajua. Mkeo aliviona vile vitabu ni uchafu. Fisi anayejifunza Baba Yetu ili ale mbuzi? Alikuwa akipita karibu na sanduku akivuta kanga yake pembeni, kama mtu anayepita karibu na jaa. Alimwomba Mungu akupe vitabu vya maana. Alifanya novena nzima, sala za siku tisa, kwa nia hiyo. Na hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja.

Pasaka ya mwisho uliyokuwa nasi, mkeo alimaliza hatua ya tatu ya kisomo. Ulimletea kile kitabu cha mwezi, umekichomekea kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ulisema, "Sasa unasoma mwenyewe, mama Tobias. Hiki nilikuwekea tangu zamani. Fungua siku utakayotaka."

Yeye akajibu, "Nikimaliza vitabu vya Mungu nitasoma vya wendawazimu."

Ulicheka. Ukakirudisha sandukuni, ukasema kitamngoja. Hakikufunguliwa.

Sasa tunakuambia yaliyotokea baada yako.

Siku ya kuondoa tanga, mtani wako Twalibu, mshona viatu, alifanya yaliyo haki yake. Alivaa koti lako la kazi, akaingia chumbani akikohoa kama wewe, akatoka na sanduku kichwani. Ua wote ukaangua kicheko, hata waliokuwa na machozi.

"Nyie Wanyamwezi," alisema, "babu zenu walibeba meno ya tembo ya watu kutoka hapa mpaka pwani. Leo Mzaramo anambebea Mnyamwezi. Na mzigo wenyewe ni uongo mtupu. Marehemu alikuwa mwongo, hakuacha hata kuku, ameacha fisi wa kwenye karatasi. Nani anakomboa? Bila jogoo silitui."

Kila mtu anajua pale hufanywa nini. Mfiwa hununa kidogo, humtukana mtani, kisha hutoa jogoo, na kitu cha marehemu hurudi mahali pake. Jogoo alikuwepo, amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko, binti yako Josepha amemtayarisha tangu asubuhi.

Mkeo alisema, "Peleka. Uongo umfuate mwongo."

Watu walicheka tena. Walidhani naye anatania. Twalibu akangoja, sanduku kichwani.

"Mtani," alisema polepole, "hapo hujibu hivyo. Hapo unatoa jogoo."

"Jogoo wangu ana kazi. Nenda nalo."

Mwanao Tobias aliinuka amfungue jogoo mwenyewe, mama yake akamtazama, akakaa. Twalibu alisimama pale kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha akaondoka na sanduku, na safari hiyo hakukohoa.

Twalibu ni mtu wa desturi. Kisichokombolewa hakirudishwi, na hakigawiwi kwa watu. Alilitia chini ya benchi lake, juu ya udongo mtupu wa kibanda, akangoja jogoo. Mara mbili alimtuma mtu: "Mwambieni mtani wangu sanduku liko chini na mvua ni nyingi." Mara mbili mkeo alijibu kwamba yeye hana sanduku kwa Twalibu.

Darasani Mwalimu Elieza alimsifu mbele ya wenzake. "Mama Eustadia ametuonyesha mfano," alisema. "Mtu mzima na heshima zake atasomaje habari za chungu kinachopiga chafya? Takataka zile zimeondoka, sasa tutasoma."

Mkeo aliketi na sifa ile kama mtu aliyepewa maziwa yaliyochacha. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, aliyasema miaka mingi jikoni. Kuyasikia kinywani mwa mtu mwingine, tena juu ya kazi yako, na wewe huna hata miezi mitatu kaburini, kulimshinda. Alitoka nje akatema mate. Lakini hakwenda kwa Twalibu. Kiburi, Raymundi. Alikiungama kwa padri baadaye, na padri akamwambia asali na aende. Alisali. Hakwenda.

Aliyemfanya aende ni Minza, yule mama kutoka upande wa Igunga. Yeye na wanakijiji wenzake walikuwa wamehamishwa kwenda kijiji kipya, nyumba ya zamani imeezuliwa, mtama umebaki kihengeni na mvua imeunyeshea. Alikuja mjini kwa dada yake, akafika mlangoni kwetu mwezi wa tatu akikuulizia. Hakuwa amepata habari. Alipoambiwa, alikaa chini palepale kizingitini.

Kisha akasema, "Basi mama Tobias, nipe wewe. Kimoja tu."

"Nina cha kilimo cha pamba."

"Nimechoka kuambiwa," Minza alisema. "Hamia hapa, lima hivi, chimba choo pale. Mzee alinipa kitabu cha jogoo wa mawinguni, hakikuniambia nifanye kitu. Nataka kile kisichoniambia."

Mkeo aliingia jikoni, akamfungua jogoo, akatoka naye kwapani mchana kweupe, akipita sokoni watu wakimtazama. Minza alimfuata nyuma.

Twalibu alipowaona aliweka chini shazia yake ya kushonea viatu. "Umechelewa, mtani," alisema. "Nilitaka jogoo, umeniletea babu yake." Lakini sauti yake haikuwa ya utani. Akalivuta sanduku kutoka chini ya benchi, na kitako cha sanduku kikabaki udongoni, kama kitambaa kilichooza.

Tutaliandika tuliloliona, kwa kuwa ulitufundisha kutokumficha msomaji. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ardhini. Walikuwa wamejenga vichuguu vya tope katikati ya vitabu, wakala karatasi na kuacha magamba. Ukigusa jalada, kidole kinazama. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kinachotembea, kinachong'aa, kingi kama wali uliomwagika. Kulikuwa na harufu ya uyoga na ya mkojo wa panya. Mende wawili walimkimbilia Minza miguuni. Mkeo, aliyekuwa akiita vitabu vile uchafu, aliuona uchafu siku hiyo, akajua aliyeuleta.

"Ngozi zangu huzitia chumvi," Twalibu alisema. "Sikujua karatasi huliwa upesi hivi. Ningelipandisha juu."

"Ulinitumia watu mara mbili," mkeo alimwambia.

"Nilituma."

Wakachambua wote watatu kwa mikono, juu ya gunia, mpaka adhuhuri. Vilipona kumi na kimoja. Fisi hakuonekana, wala chungu. Cha mwezi kilipatikana upande wa chini kabisa, nusu. Kurasa za mwanzo zilikuwa tope, na kikaratasi chako, kile kilichokunjwa mara nne, kilikuwa tope pamoja nazo. Palibaki kipande chenye ukubwa wa ukucha, hakina hata herufi. Mkeo alikishika kwenye kiganja. Twalibu aligeuka akaanza kupanga viatu ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Hatujui ulimwandikia nini. Hatutajua. Mkeo alikuwa na miezi saba ya kukifungua wewe ukiwa hai, ungali ukimtazama kwa pembe ya jicho kila alipopita karibu na sanduku. Watu wamemwambia ajifariji, pengine lilikuwa neno dogo tu. Faraja hiyo inamchukiza. Neno dogo ndilo alilolitaka.

Alimpa Minza kitabu cha bata aliyefungua posta chini ya ziwa. Minza akauliza, "Kikaratasi kiko wapi?" Mzee hakuwa akitoa kitabu bila kikaratasi. Basi mkeo ilimbidi akisome kwanza, usiku mbili, kidole kikifuata mstari. Hakukipenda. Bata anasema sana. Lakini mahali samaki wanapoleta barua zilizolowana na bata anazianika kwenye mgongo wa kiboko, alisikia sauti ndani ya nyumba, akadhani ni Josepha. Alikuwa anacheka yeye. Akaona aibu, akapiga ishara ya msalaba, akaendelea kusoma.

Akaandika: "Mimi Eustadia sikukipenda sana, ila ukurasa wa thelathini na moja ni mzuri. Hakitakuambia ufanye kitu." Minza alikirudisha baada ya Pentekoste akiwa na wanawake watatu wa kijijini kwake, na kila mmoja alitaka cha kwake. Mkeo aliwakalisha. Aliwauliza wamelalaje.

Vitabu kumi na kimoja viko juu ya kabati sasa, na miguu ya kabati imesimama katika makopo ya mafuta ya taa. Mwalimu Elieza ameacha kumsifu mkeo. Mwezi uliopita alimtuma mtu achukue kimoja, akisema ni kwa ajili ya mgonjwa. Mkeo alimwambia aje mwenyewe akae kitini aulizwe maswali matatu kama watu wengine. Hajaja. Nafasi yake ipo.

Raymundi, kinyaa hakijamtoka mkeo. Kila akinawa mikono anawaona wale mchwa weupe. Anamwomba Mungu asimwondolee upesi, kwa sababu anaogopa kusahau alivyolihukumu jambo ambalo hakulisoma. Ndiyo maana ameomba haya yachapwe, ili mwenye kitabu alichopewa na mtu wake akifungue leo, mkono uliompa ungali na joto.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili saa moja asubuhi. Baada ya misa, Twalibu atakuja kukutukana, kama ilivyo haki yake.

Wanaokukumbuka: mkeo Eustadia, wanao Tobias na Josepha, dada yako Marcelina, mtani wako Twalibu, na wasomaji wako wote wa darasa la jioni Isevya.

Bwana akuangazie mwanga wa milele. Nasi, siku zote tutakazojaliwa, hatutaacha kukutaja.