Haro Isiyogusa Udongo

Nyumbani, nyuma ya mashine ya kusaga
Jumapili, mvua imeanza

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya jasiri? Sisi tu wazima. Shemeji yako ananenepa, watoto wanasoma, nami nina mdomo uleule mliokuwa mkiukimbia. Baba pia ni mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu: nataka aendelee kuwa hivyo.

Mvua imekuja mapema. Huku uani maji yanatuama, na udongo umelainika kiasi kwamba ukitua ndoo inaacha shimo.

Unakumbuka ulipoondoka ulimwachia Baba vile vifaa vyako vya trekta: plau, ile haro nzito ya visahani vya kuvunjia mabonge na mashine ya kupandia. Ukamwambia chuma kisiguse udongo, kitaoza. Ukasema hivyo tu, ukapanda gari. Mzee amelishika neno lako kama amri. Banda hatuna, kwa hiyo vyote viko nje. Plau ameilaza juu ya matofali. Mashine ya kupandia ameifunika turubai, na jua likitoka anaifunua ipate hewa, isije ikatokwa jasho kwa ndani ikashika kutu. Mpaka hapo nampongeza.

Lakini haro! Ameipandisha kwa jeki, kidogo kidogo, mpaka ikakaa juu ya magogo karibu kimo cha kiuno changu, ili aweze kuingia chini yake na kuvipaka visahani oili chafu. Anatandika gunia, analala chali, anapaka. Kila siku. Tena anaimba.

Magogo yale ni ya mti laini, na mchwa wameshayaona. Nikifagia nakuta unga chini yake. Nikiuzoa leo, kesho uko palepale. Gogo la upande wa jikoni limeanza kuzama, na haro yote imelalia upande huo. Kuku waliokuwa wakijificha jua pale siku hizi wanapita mbali. Naogopa, sitakuficha.

Fundi wa kuchomelea alikuja kuazima jeki. Akaitazama haro, akarudi nyuma, akasema, "Mzee, hiki kitu kinashuka." Baba akamjibu kwamba kinachoshuka ni akili za vijana. Fundi yuko tayari kuleta winchi yake ya mnyororo aininginize na kuiteremsha polepole juu ya mbao pana, lakini hathubutu kuigusa Baba asipokubali. Shemeji yako alijaribu kumbembeleza. Mzee akachukua kikombe chake cha chai, akaenda kuketi chini ya haro yenyewe, akanywa taratibu mpaka tukaondoka. Sijawahi kuona chai ikinywewa muda mrefu vile.

Simu ya huko kwenye kambi yenu ya kazi inakoroma tu, na masikio ya Baba unayajua. Hata akikusikia, atasema nimekufundisha maneno. Anachokiamini ni mwandiko wako. Nakuomba umwandikie, hata mistari miwili, umpe dereva huyuhuyu aliyekuletea barua hii. Usimwambie ni hatari, atatunisha kifua. Mwambie haro ikikaa juu muda mrefu fremu yake inapinda. Kwa ajili ya mgongo wake hatafanya lolote. Kwa ajili ya chuma chako atamwita fundi siku hiyohiyo. Ni uongo, najua. Uandike hivyohivyo, na uuandike leo.

Wasalimie wenzako, hasa yule mpishi anayekuwekea chakula ukichelewa. Shangazi anakusalimu, ingawa bado amekununia kwa kuondoka bila kumuaga. Mapacha wanauliza utawaletea nini. Mungu akulinde huko uliko, na atulindie huyu tuliye naye hapa.

Nilikuwa nataka kufunga bahasha, Baba akapita na gunia lake begani. Nikamuuliza kama ana neno kwako. Akasema nikuambie haro yako haijagusa udongo hata siku moja, na siku utakayorudi utamkuta chini yake. Akacheka sana. Sasa namsikia anaimba kule nyuma, na mvua imeanza tena.

Wako akupendaye,
Dada Mdomo