Wifi, Cheti Chako Kimehuishwa

Wifi yangu mpendwa,

Bahasha yako imefika posta Jumatatu. Nimeifungulia dukani, katikati ya masufuria, nimesimama, maana nilijua nikikaa sitainuka. Ndani mna kadi mpya yenye majina yako yote matatu, na chini yake wameandika kwamba unatambulika kuwa msimamizi wa miradi kwa miaka mingine mitatu. Na wewe tumeshakuzika Rombo, kwenye migomba ya baba yako. Kulikuwa na mama anabishania bei ya beseni, akaacha kubishana, akanitazama. Nikamwachia kwa bei aliyoitaka, na unajua kwangu hilo si jambo dogo.

Tangu siku nilipoolewa na kaka yako mimi na wewe tumetaniana, na sikumbuki hata mara moja uliyokosa la kunijibu. Leo sina utani. Leo nataka nikushangae, na nikushangae hadharani, ndiyo maana nimemwomba mhariri nafasi kwenye gazeti la Jumapili.

Ulikuja kwetu Mchafukoge, hapa Dar, shirika lenu lilipouzwa. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanakwenda moja baada ya jingine. Mtu asubuhi ni bosi, jioni anatafuta pa kuuzia maji baridi. Ulikuwa umejenga maghala nusu ya nchi hii, ukaingia sebuleni kwangu na sanduku moja na helmeti ya njano. Ulikaa siku kadhaa ukitazama dirishani, sisi tukipita kwa kunyata. Kisha ukashuka Mchikichini, ukafungua belo la viatu vya mitumba.

Ndipo ikaja ile kampuni ya wageni iliyopata kazi ya kujenga maghala mapya Barabara ya Pugu. Walikutaka. Walisema kazi ni yako, ila lete kwanza cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. Uzoefu wako wote waliusoma, wakausifu, wakaurudisha mezani. Bila cheti ungebaki na viatu, na ulikuwa umeshapita umri ambao watu huanza shule.

Kitabu ulikitoa fotokopi kwa jirani yetu Mhindi wa ghorofa ya chini, kikawa kizito kuliko belo. Ukawa unakisoma kibandani, mguu mmoja juu ya rundo la raba. Nilikuletea chakula mchana mmoja nikamsikia mteja anakuuliza, "Sista, unauza au unasoma?" Ukamjibu bila kuinua macho, "Vyote. We namba ngapi?" Nilicheka njia nzima kurudi dukani kwetu Msimbazi, lakini moyoni nilianza kukuogopa kidogo.

Mtihani ulikuwa Nairobi. Ulipanda basi ukaenda, na siku ya kurudi nikapika mtori, nikamwalika na mama mchungaji. Uliingia, hukuvua hata viatu, ukasema, "Nimefeli."

Mama mchungaji aliweka kijiko chini. Kwetu mtu hasemi hivyo. Kwetu matokeo huwa "bado hayajatulia", au "walichanganya mambo huko", mpaka watu wasahau kuuliza. Wewe ulisema, ukanawa, ukala mtori, ukaongeza.

Baadaye ulikaa jikoni na kitabu cha mazoezi, ukanionyesha ulipojikwaa. Hesabu uliziweza, ratiba uliziweza. Kilichokuangusha ni adabu.

"Hebu sikia hili," ulisema. "Fundi wako mkuu anachelewesha kazi. Unaanza na nini?"

"Unamtafuta rafiki yake, amwambie taratibu."

"Ndicho nilichochagua."

"Si ndiyo sahihi?"

"Kwetu. Kule wanataka uende mwenyewe, umwambie usoni."

"Na tajiri wa mradi akiuliza kazi imefika wapi, na imekwama?" nilisoma swali lililofuata.

"Useme imekwama. Halafu useme utafanyaje."

"Hao watu hawana mama wakwe," nilikuambia, ukacheka mpaka ukashika meza. Lakini ulipomaliza kucheka uliurudia ule ukurasa. Ulisema huwezi kukariri jibu usiloliamini, kwa hiyo itabidi kwanza ulijaribu uone kama mtu anapona.

Ulilijaribu kwenye kamati ya harusi ya mdogo wenu Godi. Tulikuwa sebuleni kwangu baada ya ibada, Baba Mkubwa yuko kwenye kiti cha mwenyekiti. Ukumbi alikuwa ameuahidi yeye. Alizungumza kwa mdomo na rafiki yake anayeusimamia, akatuambia tulale usingizi. Kumbe rafiki mtu alishastaafu na ukumbi wamepewa wengine. Wajumbe wote tulikuwa tumeshasikia. Mpango ulikuwepo pia: mkewe adokezwe, amdokeze kwenye gari, mzee aonekane amegundua mwenyewe. Harusi ilikuwa imekaribia na mke alikuwa bado anatafuta siku nzuri.

Ukasimama.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Si tumeshasalimiana?"

"Tumesalimiana. Baba Mkubwa, ukumbi hatuna."

Nilikuwa nimebeba trei ya soda, nikaiweka sakafuni.

"Nani kasema?"

"Nimekwenda jana mwenyewe. Wamewapa watu wengine kwa sababu sisi hatukuthibitisha. Nina njia mbili hapa. Ukiniruhusu nitazisoma, uchague."

Mzee aliwatazama wajumbe. Mmoja alikuwa anakagua kucha zake, mwingine anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. "Na nyie mlijua," alisema, na hakuwa anauliza. Nilidhani atanyanyuka aondoke, na harusi iishie hapo. Akavuta pumzi, akasema, "Soma, mwanangu." Ukasoma. Akachagua ukumbi wa shule ya usharika. Godi akaoa, watu wakala, wakacheza. Tangu siku ile Baba Mkubwa akitaka kujua jambo lolote la ukoo alikuwa anakupigia simu wewe kwanza.

Kuna kitu nilikiona siku ile ambacho wengine hawakukiona. Ulipokaa, mikono yako ilikuwa inatetemeka chini ya meza. Mpaka pale nilifikiri kuna watu wameumbwa wasiogope na wewe ni mmoja wao. Kumbe ulikuwa unaogopa kama sisi. Wifi, mimi huwa natetemeka hivyo kanisani tu, na sijui nikuelezee vipi zaidi ya hapo.

Ulirudi Nairobi, ukafaulu. Maghala ya Barabara ya Pugu yakasimama. Ulinipeleka kuyaona kabla hayajapakwa rangi, ukanivisha ile helmeti ya njano, na wanaume wazima wenye vipimo mikononi walikuwa wanakuja kukuambia, bila kuzunguka, "Bosi, nimeharibu nguzo ya pili." Uliwajibu kwa sauti ileile unayoniombea chumvi. Nilitazama paa lile mpaka helmeti ikanidondoka.

Nilidhani basi, cheti kimepatikana, kitundikwe ukutani. Ukanieleza kwamba hakitundikwi. Kila baada ya miaka mitatu unatakiwa uonyeshe saa ulizojifunza na saa ulizofundisha wengine, la sivyo kinakufa. Nikakuambia hicho si cheti, ni ng'ombe wa uchagani: hatoki kwenda malishoni, yuko bandani anakusubiri umkatie majani kila siku iendayo kwa Mungu. Ulilipenda hilo, ukawa unalirudia darasani.

Maana ulianzisha darasa, Jumamosi, sebuleni kwangu, bila kuniuliza. Walikuja mafundi wa Kariakoo, wakaja wenyeviti wa kamati za harusi, wakaja akina mama wa kwaya waliotaka kujenga kisima. Kwa kuwa nyumba ni yangu nami nikakaa nyuma, nijifanye naangalia chai. Ulikuwa unawafundisha kupanga kazi na kugawa kazi, lakini walichokuwa wanakuja kujifunza ni namna ya kumwambia mkubwa jambo asilotaka kusikia na bado umwamkie. Miaka ikapita, cheti ukakihuisha, ukakihuisha tena.

Kisha ukaugua.

Daktari alimwita kaka yako pembeni, akamwambia ini limekwisha. Kaka yako akatukusanya kwenye korido ya hospitali, tukakubaliana usijue. Ilikuwa nia njema. Hivyo ndivyo tunavyomfanyia mgonjwa, tunambebea matumaini mpaka mwisho. Basi kila aliyeingia alisema unaendelea vizuri, umenenepa kidogo, Pasaka tutakuwa wote Rombo. Wewe uliwashukuru mmoja mmoja.

Mchana ule tulibaki wawili.

"Wifi," ulisema, "cheti changu kinaisha mwezi wa kumi na mbili."

"Utahuisha ukitoka."

"Saa zote ninazo. Nakuuliza kitu kimoja tu. Mwezi wa kumi na mbili nitakuwepo?"

Ningeweza kusema Mungu ndiye ajuaye, na nisingekuwa nimesema uongo. Wote walikuwa wamekukwepa kwa namna yao. Lakini ulinitazama kama mtu aliyechoka kukaa peke yake, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya lile darasa miaka yote ile.

"Hapana," nilikuambia. "Daktari amesema ni wiki chache."

Ulifumba macho. Mimi nilishika chuma cha kitanda, nikasubiri nione nimefanya nini. Ulipoyafumbua ulisema, "Asante," kisha, "Kesho niletee ile fomu ya kuhuisha."

"Ya nini tena, wifi?"

"Nimesoma. Nimefundisha watu. Kazi imefanyika, niiache bila kuifunga?"

Fomu uliijaza mwenyewe. Niliomba nikusaidie ukanikatalia. Ulikuwa unaandika mstari, unapumzika, unaandika mwingine, mpaka ukafika kwenye saini. Hapakuwa na mwajiri, hapakuwa na ghala, na kadi yenyewe ulijua hutaishika. Nimewaona watu wakisali, nimewaona watu wakifa, lakini sijawahi kuona mtu anafanya jambo kwa unyoofu ule. Nilitoka na bahasha nikaenda Posta Mpya kwa miguu, juani, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili.

Jioni kaka yako alikuja na juisi, akasema leo umechangamka. Ukamwambia, "Kaka, kaa. Najua." Alilia kama mtoto. Akakuuliza nani amekuambia, ukasema hilo tuliache, tuna mengi ya kupanga. Na ukapanga. Darasa ukamkabidhi fundi wa kwanza uliyemfundisha. Nyimbo ukazichagua. Kamati ya mazishi ilipokaa ilikuta kazi zimeshagawanywa, kila mtu na yake, na Baba Mkubwa akasema hajawahi kuongoza kikao kifupi namna ile.

Lakini kaka yako hajaacha kuuliza. Anaamini mgonjwa akijua hukata tamaa, na wewe ungepata miezi zaidi. Siku ya kuondoa matanga alisema mbele ya ukoo, "Aliyemwambia dada yangu ndiye aliyemmaliza," na wote wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nagawa chai, nikaendelea kugawa. Sijuti, wifi. Siku zile ulizoishi ukijua, nilikuona ukiziishi. Ila ninampenda mume wangu, na sijui akisikia kama atanitazama tena kama alivyonitazama leo asubuhi.

Barua hii itatoka Jumapili, naye husoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Nisingependa ajulie humo. Ameshafunga duka, namsikia anapanda ngazi, anasimama ghorofa ya pili kupumzika kama kawaida yake.

Pumzika na wewe, mwalimu wangu. Naenda kumfungulia, nimwamkie, nimwambie akae.

Wifi yako