Ubao wa Mlangoni

Mama,

Shikamoo. Arubaini yako imepita, na ubao wako wa habari ungali mlangoni, Shella nzima inaupita ikiutupia jicho. Sijaufuta. Mstari wako wa mwisho bado upo: "Mbuzi wa Bi Zuhura amepatikana." Chaki imeanza kufifia, nami nagombana na kila anayetaka kuuegemea.

Watu wananiuliza nitaendelea lini. Natamani, lakini naogopa. Kuna bwana mmoja mgeni amehamia karibu na soko, mwingi wa kucheka. Anasema ubao umepitwa na wakati, nianzishe kijigazeti. Mashine ya kuchapia kwa stensili anayo, na karatasi atatoa yeye, bure. Siku mbili nilitembea kwa furaha. Nilishaliona jina langu limepigwa chapa juu kabisa. Unajua ninavyopenda kujiona.

Kisha yakaanza maswali. Habari naletewa na nani? Yule wa Ngomeni aliyelalamikia kiwanja chake anaitwa nani hasa? Na stensili nikishazitumia nimrudishie zote, nisitupe hata moja. Za nini, Mama? Ile karatasi ya nta hubaki na kila neno, na siku hizi mtu anachukuliwa na askari kwa karatasi tu. Huenda namdhania vibaya. Huenda ni mtu mwema anayependa usafi. Lakini tangu juzi nafunga mlango mchana.

Nikakumbuka kitambaa chako. Kila alasiri ulikilowesha ukafuta yote, na aliyeona ameonewa ulimpa afute mwenyewe mbele za watu. Siku Mzee Kombo alipofuta habari ya mke wake wa pili ulicheka mpaka ukakaa chini. "Aliyesoma kashasoma," ukasema.

Basi nimemwambia yule bwana hapana. Alicheka tena, safari hii kwa meno tu. Nabaki na ubao. Ila ili nianze lazima nifute mwandiko wako, na hapo ndipo mkono unapokataa. Nimekaa na kitambaa mapajani, kimenilowesha kanga, nalia kama mtoto.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, aliyeniletea habari hatajwi, si ubaoni, si kwa mtu yeyote. Adhana ya alasiri ikilia nitaufuta mstari wako. Na barua hii naitia moto jikoni sasa hivi, maana naona nimeshataja majina mawili.

Mwanao, unayemjua.