Meno Butu ya Mashine ya Kisima

Wangari, mjukuu wangu,

Niko na miaka themanini na mbili, na nimeishi muda mrefu kuliko madaktari wangu wawili. Cucu, nyanya yako, anakusalimia. Ng'ombe amezaa.

Unauliza kwa nini meno ya mashine ya kuchimba kisima ni butu. Baada ya uhuru tulichimba kisima hapa Wamagana. Mashine ilibaki na kichwa kimoja tu cha chuma, chenye meno ya kutobolea mwamba. Kingeharibika, akina mama wangerudi kuteka maji mtoni. Nikakinoa kama panga, maana kwa kunoa hakuna aliyenishinda. Kugonga mwamba, makali yakakatika.

"Kariuki, ati unanyoa jiwe?" fundi mkubwa akauliza. Akakitia motoni, akakipiga nyundo kikawa butu. Kikaponda mwamba badala ya kuukata, mpaka tukafikia maji. Hata leo nashangaa.

Usiponiamini, uliza cucu. Alikuwa amesimama hapo na mtungi, akinicheka.

Guka yako