Tundu la Hewa

Mdogo wangu,

Naomba radhi kwa kimya cha miezi saba. Ningeweza kusingizia macho au posta, lakini unanijua, sina mazoea ya kusingizia. Barua zako zote tatu zilinifikia. Nilizisoma, nikazirudisha ndani ya bahasha zake bila kujibu, kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Bado nimekukasirikia. Hata hivyo adabu ni adabu, kwa hiyo nianze kwa kukujulia hali. Natumaini wewe, shemeji na wanangu nyote mu wazima, na kwamba yule wa kike amepona lile jino. Mimi ni mzima, presha imetulia, na naamka saa kumi na moja kama ulivyoniacha. Wifi yako, mke wa mdogo wetu, naye ni mzima. Mdogo wetu mwenyewe si mzima. Mikono yake yote miwili imefungwa bendeji hadi karibu na viwiko. Najua umekwisha kusikia habari hizi kwa simu, vipande vipande, na ninakuandikia kwa sababu vipande ulivyosikia havina ukweli wote.

Unakijua chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba, kile kinachopakana na changu. Kwa miaka kumi na tisa mdogo wetu alishonea humo, nami kwa miaka kumi na tisa nilisoma magazeti yangu upande wa pili wa ukuta nikizisikia cherehani zake, wala sikulalamika hata siku moja, kwa kuwa ile ilikuwa sauti ya kazi. Mtu aliingia na kitambaa, akatoka na suruali. Mwaka jana, bila kuniuliza mimi niliye mkubwa, aliuza cherehani zote tatu, akaingiza mashine sita za kijivu, kila moja na feni mbele na nyuma, akazipanga kwenye rafu zilezile alizokuwa akiwekea majora ya vitambaa. Nilipomuuliza ni za nini, alinijibu kwamba sasa anachimba sarafu. Nilitazama sakafu. Saruji ilikuwa nzima.

Nilimtaka anieleze vizuri, akakubali. Alisema mashine zile zinabahatisha namba, mamilioni kwa mamilioni kila unapopepesa jicho, zikishindana na mashine za watu wengine duniani kote. Inayoipata kwanza namba inayotakiwa ndiyo inayozawadiwa sarafu, na yeye, kwa kuwa uwezo wake ni mdogo, amejiunga na kundi la wachimbaji wanaogawana kinachopatikana. Nilimuuliza hiyo namba ikishapatikana inamfaa nani. Akasema inalinda daftari la wote, lile la mtandaoni linaloandika nani ana sarafu ngapi. Nikamwambia kwamba nimefundisha miaka thelathini na minne, na mwanafunzi aliyebahatisha majibu nilimwambia arudie mtihani, sikumpa zawadi. Alicheka hadi akakohoa. “Kaka, dunia imekuacha kituoni na begi lako mkononi,” alisema. Akaniuliza noti ninayoikunja mfukoni ni nini kama si karatasi ambayo watu wamekubaliana kuiamini. Nilimjibu kwamba muuza mkate anaijua noti yangu na mimi ananijua, lakini hiyo sarafu yake hakuna aliyewahi kuishika. Akasema kushika si hoja, hoja ni kuaminiwa. Tuliachana hapo, kila mmoja akimwona mwenzake mpumbavu.

Kuanzia hapo nyumba hii haikuwa na utulivu. Mashine zilivuma usiku na mchana, na umeme uliokuwa ukitutosha mwezi mzima ukawa hautufikishi wiki. Wifi yako, ambaye mdomo wake unaujua, alisema ameolewa upya na mfuga nyuki, ila nyuki wenyewe hawatoi asali na chakula chao ni umeme. Bei ya sarafu ikipanda, mdogo wetu alitembea uani kifua mbele akitugawia vyumba vya ghorofa ambayo haijajengwa. Ikishuka, hakula, na ole wake aliyeuliza. Nilimwambia kwamba kitu chenye thamani Jumatatu na kisicho na thamani Jumatano hakikuwa nayo hata hiyo Jumatatu. Akaniita Mzee wa Chaki mbele ya waliokuwa wateja wake, nao wakacheka.

Kisha likaja tundu. Joto la mashine lilikuwa limezidi, akamwita fundi umeme, yule wa mtaa wa nyuma anayefunga ngazi yake kwenye baiskeli. Fundi alivuta nyaya nene kutoka kwenye mita, akafunga swichi kubwa, halafu akatoboa ukuta tundu la upana wa sahani, akaweka feni ya kutolea joto. Hakuna aliyeniambia kwamba ukuta uliochaguliwa ni ule unaotazama kibaraza changu. Kila nilipokaa kusoma, hewa ya moto ilinipulizia shingoni, na kwa kelele zile nilijiona kama mtu aliyekaa ndani ya kinu cha kusagia. Nilipolalamika, mdogo wetu alisema nishukuru, wazee wenzangu wanalipia joto la namna ile hospitalini. Fundi peke yake ndiye aliyeniomba radhi. Alisema angeachiwa achague, angelitoboa upande wa barabara.

Siku chache baadaye wifi yako, akidhani ananituliza, aliniambia nisimlaumu mumewe peke yake, kwani hata dada mtu aliona mbali kuliko sisi, akatoa fedha. Ndivyo nilivyojua kwamba fedha za mashine zilitoka kwako, na kwamba ulimwonya asiniambie kwa sababu, na haya ni maneno yako mwenyewe, kaka ataleta hotuba. Basi sikuleta hotuba. Niliacha kuzijibu barua zako.

Ajali ilitokea Jumamosi, wiki tano zilizopita, saa nane mchana. Mdogo wetu alikuwa ametoka kwenda kunyoa, na aliporudi alikuta moshi unatoka chini ya mlango. Badala ya kukata umeme kwanza, aliingia akaanza kuzing’oa nyaya kwa mikono ili aziokoe mashine, na plastiki iliyoyeyuka ikamgandia vidoleni. Wifi yako ndiye aliyekimbilia swichi kubwa. Majirani walimalizia kwa ndoo za mchanga. Dari imeungua, mashine nne zimekwisha. Daktari anasema mkono wa kushoto utarudi, lakini vidole viwili vya kulia havitajikunja tena sawasawa. Kama ulikuwa bado unafikiri kwamba siku moja atarudia ushonaji, usahau. Siku ya tatu pale hospitalini aliniomba nimshikie simu aone bei. Ilikuwa imepanda. Alicheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. Nami nilikiona kwa macho yangu chote alichokichimba kwa miezi kumi na mmoja: nukta, sifuri kadhaa, kisha tarakimu tatu.

Mkaguzi wa umeme alikuja Jumatatu. Alikagua swichi, akalikagua tundu, akaliona liko wazi na feni yake ni nzima. Akaandika kwamba kwa kuwa joto lilikuwa na pa kutokea, kosa litakuwa kwenye nyaya na maungio, yaani kosa ni la fundi. Mdogo wetu aliapa kumkomesha. Hakuweza kushika kalamu, akaniomba mimi nimwandikie malalamiko. Baada ya mwaka mzima wa kuniita Mzee wa Chaki, akaniomba mimi. Nilikubali. Niliandika kurasa tatu juu ya uzembe wa fundi yule na hatari aliyoiweka familia yetu na mtaa mzima, zikachapwa dukani, wifi yako akatia sahihi kwa niaba ya mumewe. Karani wa ofisi ya leseni za mafundi alimwambia hajawahi kupokea malalamiko yaliyonyooka namna ile. Leseni ya fundi ilisimamishwa siku hiyohiyo. Kikao ni Alhamisi ijayo, na akionekana ana hatia inafutwa kabisa.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita fundi alikuja kwangu. Hakwenda mlango wa mdogo wetu, alikuja kwangu, kwa miguu, kwani baiskeli na ngazi amekwisha kuviuza. Alikuwa na karatasi mbili za mistari ndani ya mfuko wa plastiki, na kalamu mpya. Alisema mtaa mzima unajua nilivyozichukia mashine zile, kwa hiyo kama kuna mtu wa nyumba hii atakayemsikiliza, ni mimi. Akanitolea nakala ya malalamiko dhidi yake. “Mwalimu, huyu aliyeandika hapa ni wakili, tena wa kulipwa pesa nyingi,” aliniambia. “Mimi nikijibu kwa mwandiko wangu wa kuku nitakuwa nimekwisha kabla sijafungua mdomo. Niandikie wewe.” Alinieleza kwamba amekwisha kuyapitia kichwani maungio yote, moja baada ya jingine, hata akiwa anakula, na haoni kosa. Nyaya zilikuwa nene, tundu lilikuwa wazi, mashine hazikuwa na sababu ya kupata moto kiasi kile. Mtu akimwonyesha sababu, alisema, leseni ataipeleka mwenyewe kwa mkono wake. Alikunywa maji, akashukuru mara mbili, akaniachia karatasi zake.

Sababu ninayo mimi. Jumamosi ile saa tano na nusu, mdogo wetu alipotoka tu, nililiziba tundu. Nilichukua sponji ya godoro kuukuu, nikapima kwa rula, nikakata kipande kwa kisu cha mkate, nikakishindilia humo hadi pasibaki nafasi ya kupitisha wembe. Usijidanganye kwamba sikujua. Siku alipolitoboa, fundi aliniambia uso kwa uso kwamba kelele nizivumilie ila tundu lisizibwe kamwe, maana chumba kitageuka tanuri. Sikutaka moto. Nilitaka mashine zijizime zenyewe kwa joto, mchana mmoja tu, arudi azikute zimekufa na ajue ameuza cherehani zake kwa ajili ya vitu gani. Na nilitaka kulala kidogo kwenye kibaraza changu. Nililala. Niliamshwa na ukelele wa wifi yako. Kabla sijashika ndoo, kabla sijamwita ndugu yangu kwa jina, nilichomoa kile kipande cha sponji na kukisukuma chini ya kitanda changu. Kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Mdogo wetu alikuwa bado yumo ndani.

Kwa hiyo mkaguzi alilikuta tundu wazi. Kwa hiyo pia zile kurasa tatu zinaaminika kila mstari. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuona uzembe wa fundi. Wameuamini tu, kwa kuwa umeandikwa vizuri. Sipendi kumpa mdogo wetu ushindi katika mabishano yoyote, lakini aliposema kushika si hoja, hoja ni kuaminiwa, hapo alinishinda.

Sikuandikii ili unifariji. Ulinunua mashine zile ukanificha kama mtoto mdogo, na sehemu yako uibebe bila kuipunguza. Sponji hukuikata wewe, hilo nalijua. Usimpigie simu mdogo wetu. Usimpigie wifi yako. Wala usinitumie ushauri. Mwaka jana ndipo nilipouhitaji, nawe ulikuwa unapanga na wengine jinsi ya kunizunguka. Jambo hili nimekwambia wewe kwa sababu lazima liwe limesemwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo asiwe yule ninayekutana naye uani kila asubuhi, anayelishwa uji na mkewe kwa kijiko.

Nikisema, fundi atarudi kazini, na mdogo wetu atajua ni nani aliyemharibia vidole viwili. Sidhani kama paa hili litatutosha sote baada ya hapo. Nikinyamaza, nitamwandikia fundi utetezi kwa ustadi wangu wote, nao utashindwa, kwa sababu nitakuwa nimeacha nje jambo pekee linaloweza kumwokoa. Jana nilijaribu. Nilijaza karatasi yake ya kwanza pande zote mbili. Ulikuwa utetezi mzuri sana. Niliusoma kwa sauti, nikauchana.

Nisalimie shemeji, na wanangu uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Yule mkubwa aache simu ashike vitabu. Fundi atakuja kuchukua maandishi yake keshokutwa asubuhi, na imebaki karatasi moja. Nitakuandikia nikishaamua. Barua hiyo itakuwa fupi.

Ni mimi,
kaka yako.